Umeombwa kuingia kwenye utafiti wa sonona (ugonjwa wa huzuni nzito) au bipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi)? Maswali na majibu

Nimeitwa kwenye utafiti wa dawa ya sonona. Wamesema huenda nikapewa "dawa bandia". Kwa nini wanipe dawa feki? (Morogoro)

Neno hilo limewachanganya wengi, na kosa ni la sisi tunaolitumia. Dawa bandia ya dukani ni ya kughushi. Hii ya utafiti ni kidonge kinachofanana na dawa kwa rangi na umbo, ila ndani hakina dawa, na unaambiwa hivyo kabla hujatia saini. Sonona hupanda na kushuka yenyewe, na mtu akiangaliwa kila wiki na kusikilizwa hupata nafuu hata bila dawa. Bila kundi la kulinganisha hatuwezi kujua kilichomsaidia ni kipi.

Kompyuta ndiyo inayogawa watu kwa bahati nasibu, kama kurusha sarafu, na katika tafiti nyingi hata daktari wako hajui umeangukia wapi. Lakini siri hiyo hufunguliwa panapo dharura, kwa mfano ukipata degedege au ukimeza vidonge kupita kiasi. Kwa hiyo uliza mambo mawili: namba gani inapokelewa saa nane usiku, na nikizidiwa nikiwa kundi la kidonge kitupu, mtanipa matibabu gani na baada ya siku ngapi?

Nina bipola, natumia lithiamu kutuliza hisia, mwaka wa tano. Nimesikia lazima niache dawa kwanza. Nianze kupunguza mwenyewe? (Mombasa)

Usiguse dozi yako. Watu huacha dawa nyumbani ili wapokelewe, kisha wanafika kliniki wakiwa hawajalala siku nne.

Ni kweli baadhi ya tafiti hutaka dawa ya zamani itoke mwilini ili isichanganyike na mpya. Kila dawa ina muda wake: fluoksetini, dawa ya sonona, hutoka polepole, ndiyo maana husubiriwa hadi wiki 5. Lithiamu ni habari nyingine. Ikikatwa ghafla, wazimu wa furaha (kuchangamka kupita kiasi bila kulala) unaweza kurudi haraka, na hatari ya mtu kujiua huongezeka. Ikibidi kuachwa, hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki 4 au zaidi, ikiwezekana hadi miezi 3, chini ya daktari. Kama lithiamu inakushikilia vizuri, tafuta utafiti unaokuruhusu kubaki nayo, au ukatae. Kukataa hakupaswi kukupunguzia huduma hata kidogo.

Ukibaki nayo, damu hupimwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa tatu usiku, fika saa tatu asubuhi, na kama una kidonge cha asubuhi kibebe mfukoni, umeze baada ya kutolewa damu. Hapa ndipo wengi hukosea: wanameza saa moja asubuhi kwa uaminifu kabisa, kipimo kinasoma juu, dozi inapunguzwa bila sababu. Kwa wengi kiwango kinachotakiwa ni kati ya 0.6 na 1.0 mmol kwa lita. Kikifika 1.5 na kuendelea, tegemea dalili za sumu: mikono kutetemeka sana, kutapika, kuhara, kuyumba, ulimi mzito. Kuharisha, jasho jingi na diklofenaki ya maumivu ya mgongo hupandisha kiwango. Ukikusudia kufunga Ramadhani, sema kabla mwezi haujaandama, maana saa za kunywa maji na dawa zitabadilika.

Kila ziara naulizwa maswali tisa, la mwisho ni kuhusu kujidhuru. Nikisema kweli nitakamatwa? (Nakuru)

Hapana. Hilo ni dodoso la PHQ-9: kila swali lina alama 0 hadi 3 kwa wiki 2 zilizopita, jumla 27, na kuanzia 10 sonona hushukiwa. Swali la tisa likijibiwa chochote zaidi ya sifuri, anayekuhoji hutakiwa kukuuliza zaidi siku hiyo hiyo, asikuache uondoke hivi hivi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Na hata kabla ya hapo kifungu cha sheria kiligusa jaribio, si mawazo.

Siri ina mpaka: maisha yako yakiwa hatarini, ndugu anaweza kuarifiwa. Fomu ya kukubali kushiriki inapaswa kusema ni nani, nawe umtaje unayemwamini. Na kama mawazo hayo yapo leo, usingoje ziara. Mwambie mtu aliye karibu akusindikize hospitali sasa hivi.

Mume wangu anaumwa. Naweza kumsainia? (Tanga)

Kama anaelewa, saini ni yake. Watafiti makini humwambia aeleze kwa maneno yake: utafiti unafanya nini, unaweza kumdhuru vipi, anaweza kujitoa? Akikosea anaelezwa tena na kuulizwa tena. Akiwa amepandwa na wazimu wa furaha, asubiri hadi atulie, maana siku hizo atakubali lolote. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtumishi wa utafiti. Nakala moja mrudi nayo nyumbani.

Nitajuaje si matapeli, na wanalipa? (Dodoma)

Fomu iwe na namba ya kibali cha kamati ya maadili na simu ya kamati yenyewe, si ya mtafiti peke yake. Piga hiyo. Tanzania Bara kibali cha maadili kitaifa hutoka NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na majaribio ya dawa huhitaji pia kibali cha TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Malipo huwa nauli na fidia ya muda, na ukijitoa katikati, ziara ulizokwisha kuhudhuria zilipwe. Akikutoza hata shilingi ya kujiandikisha, ondoka.

Naogopa vidonge. Hakuna utafiti mwingine? (Bukoba)

Upo. Jirani zako wa Rakai na Masaka, Uganda, walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2003: vijiji 30, nusu vikapata vikundi vya mazungumzo vya dakika 90 kila wiki kwa wiki 16, na sonona ikashuka sana kwa waliohudhuria. Uliza tu kama kundi lisilopata mazungumzo litayapata baadaye, na likubaliwe kwa maandishi.