Kengele ya mwendo inalia, konda anaiziba kwa tambara

Pole dada yangu. Umesema kwenye basi kengele inayolia dereva akizidisha mwendo ililia tangu Mikumi, konda akaiziba kwa tambara, na trafiki aliyesimamisha basi akaishia mlangoni. Unauliza kama kulalamika kunasaidia.

Kunasaidia, ila inategemea unavyolalamika. Basi la abiria mwisho wake ni kilomita 80 kwa saa, 50 kwenye makazi, na kile kifaa kinacholiza kengele kinatuma mwendo LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Kwa hiyo usiandike tu "alikimbiza". Taja namba ya basi, saa, na mahali mlipokuwa, wapate pa kuanzia kwenye rekodi. Tiketi usitupe. Mimi yangu niliitupa stendi, nikabaki na hadithi tu.

Dereva usimfokee akiwa kwenye usukani, hasa mlima Kitonga pale, wenye kona kali. Mwiteni konda mkiwa watatu, wanne. Ukiwa peke yako utaambiwa ukanunue gari lako. Wakikaidi, shuka stendi inayofuata, nauli ipotee. Trafiki wa mlangoni simtegemei. Nenda ofisi ya LATRA ya mkoa na barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.