Racheti niliyoigombeza

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Racheti gani ya kuaminika inamfaa baba mwenye nyumba kwa matengenezo madogo ya nyumbani na ya gari?" Nimelisoma nikiwa Kibirizi, hapa Kigoma, nasubiri mitumbwi, nikalirudia. Baba mwenye nyumba! Wa kwangu ni mwalimu, mtu mwema sana, lakini akishika bisibisi watoto wanatafuta pa kujificha. Racheti ya nyumba yetu, ule mpini wa kufungia na kufungulia bolti kwa soketi, ni yangu. Gari nalo ni langu, Probox, hizi ambazo huku kwetu tunaziita michomoko, na dagaa wanaopakiwa humo kila Jumanne kwenda Kasulu ni wangu. Kwa hiyo nawajibu kama mwenye mali.

Jibu nililokuwa nalo hata kabla sijatafuta kalamu ni hili: msinunue seti ya kwenye sanduku la plastiki. Mnazijua. Vipande mia na ushee, soketi, vile vikombe vya chuma vya kuvisha vichwa vya bolti, zimepangwa kwa ukubwa kama watoto wa shule mstarini, racheti mbili au tatu, na bisibisi za kidoli ambazo hutazigusa mpaka Kiyama. Zinang'aa hadi unajiona uso. Zipo Mwanga, zipo Ujiji, zinatembezwa hata mkononi stendi. Yangu niliinunua hapa hapa mjini, duka silitaji, na bei siitaji pia kwa sababu shemeji yangu anasoma gazeti hili na alishanicheka vya kutosha.

Ilikuwa masika ya mwaka juzi. Tulikuwa tunarudi kutoka Kasulu, mimi na huyo shemeji, mdogo wake mume wangu. Hunisindikiza kwa sababu kaka yake hapendi niwe barabarani peke yangu jioni, na kwa sababu Jumanne hana kazi nyingine. Sijui Jumatano ana ipi. Dagaa walikuwa wameisha, nyuma tulikuwa na magunia matupu na debe mbili za maharage. Hatujafika Kidahwe, mkanda wa injini ukaanza kulia. Kama umewahi kusikia mbuzi anayevutwa kupelekwa machinjioni, ndiyo sauti hiyo. Mara taa ya betri ikawaka.

Mafundi wanauita fenibelti, hata kwenye gari kama hili ambalo feni yake ni ya umeme. Lakini mkanda huo mmoja ndio unaozungusha alteneta, ile inayochaji betri, na pampu ya maji, kwa hiyo ukisema utavumilia mpaka nyumbani, siyo taa tu zitakazokufa, injini itachemsha. Nikaegesha. Kile kichuma cha kushikilia boneti kilishakatika zamani, kwa hiyo natembea na kipande cha bomba la maji, la chuma, urefu wake unazidi kidogo nusu mita. Nikaegemeza boneti kwa bomba, nikatoa sanduku langu linalong'aa, na nakiri nilijisikia vizuri. Shemeji alikuwa ameshika tochi ya simu, hana la kusema.

Kazi yenyewe siyo kubwa. Alteneta imeshikwa na bolti ya juu na bolti ya chini. Unazilegeza, unaivuta alteneta kwa nje na kitu kirefu mpaka mkanda ukaze, unazikaza tena. Ya juu, namba 12, ilitoka bila maneno. Ya chini, namba 14, ikagoma. Nikavuta. Racheti ikasema kak, meno yakaruka, ngumi yangu ikaenda kwenye chuma. Nikavuta tena, kak, damu. Shemeji akasema, shem, tusubiri fundi. Basi hapo ndipo alipoharibu.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikiisimulia hadithi hii pale sokoni, na kila mara ninapofika hapa nasema shemeji ndiye aliyechukua bomba. Siyo yeye. Nilimwambia ashike boneti kwa kichwa na mikono, nikachomoa bomba, nikalivisha kwenye mpini wa racheti, nikaning'inia. Mpini wa racheti ile una kama sentimita 20. Pamoja na bomba ulifika kama 60. Yaani nguvu zangu zile zile, na mimi si mwembamba, nilizizidisha mara tatu juu ya kichuma kidogo kilichomo ndani ambacho hakizidi ukucha wa kidole gumba. Haikusema kak safari hii. Ilisema tap, kwa upole, kama njugu ikipasuka, na ikaanza kuzunguka bure.

Tukakaa. Mvua ikaanza, na shemeji bado ana boneti kichwani.

Lililosimama ni lori la chumvi kutoka Uvinza likielekea Kasulu. Akashuka utingo, kijana mdogo, miguuni katambuga. Akatazama bolti, akatazama bomba, akatazama vidole vyangu. Akauliza, "Mama, spana ya ringi hamna?" Kwenye vipande mia na ushee, spana ya ringi, ile yenye duara linalokumbatia bolti nzima, haikuwemo. Nilikuwa na spana malaya, ile ya kupanua na kubana (samahani mhariri, ndilo jina lake na sikulitunga mimi), akaikataa kwa kichwa, akasema hiyo itakula pembe za bolti. Akaenda kwenye lori, akarudi na ringi namba 14 iliyofungwa kwenye kitambaa na nyundo ndogo. Akaivisha, akaigonga ncha ya mpini mara mbili, mapigo ya ghafla, siyo ya nguvu. Bolti ikaachia. Kwa mpini wa jeki langu akaivuta alteneta, akakaza, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba, ukabonyea kiasi cha sentimita moja, akasema twende. Hela alikataa. Kisado cha maharage alikubali.

Kabla hajapanda aliokota racheti yangu matopeni, akaigeuza. "Hii mama ni ya kufungulia kilicholegea na kukazia kisichohitaji ugomvi. Ya kuvunjia ugumu siyo hii." Nikamwona mdogo asiyejua kwamba nimetapeliwa.

Kwa sababu niliamini nimetapeliwa. Kesho yake nilikwenda dukani na nilisema niliyoyasema mbele ya wateja. Sikurudishiwa kitu.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja wa Mwanga aliyestaafu karakana ya meli bandarini. Nilimpelekea racheti nikitaka shahidi, siyo fundi. Nyuma ya kichwa chake ina skrubu mbili ndogo. Akazifungua, akainua kifuniko, akanyamaza. Ndani mlikuwa na grisi ya bearingi za magurudumu, nyeusi, imeshikamana na vumbi, na katikati yake kitu ambacho mzee aliapa ni jicho la dagaa. Grisi ile niliiweka mwenyewe, siku niliyoinunua, kwa mkono wa ukarimu, kwa sababu unyevu wa ziwa unakula chuma na sikutaka ishike kutu.

Alinionyesha kwa ncha ya msumari. Kuna gurudumu lenye meno, na kuna kile kichuma kinachong'ata meno, kinasukumwa na springi nyembamba kama ya kalamu. Grisi nzito inakishika kile kichuma, hakirudi mpaka mwisho, kinang'ata kwa ncha tu. Ukizungusha mtupu unasikia mlio wake kama kawaida. Ukiweka nguvu kinaruka. Kwa hiyo zile kak mbili za kwanza zilikuwa za grisi yangu, na ile tap ilikuwa ya bomba langu.

Halafu, kama ilivyo desturi yake kwa kila anayekaa kwenye benchi lile, akaniletea hadithi ya Liemba, ile meli kongwe ya ziwani. Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaivunja vipande, ikaja kwa maboksi hadi Kigoma kwa reli, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe isichukuliwe, lakini kwanza wakazipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa 1924 injini zilikuwa bado zinafaa, na 1927 meli ikarudi kazini kwa jina hilo la Liemba. Nikamwambia, si unaona, grisi ni nzuri! Akacheka mpaka akakohoa. "Ile ilikuwa ya kuilaza, mama. Wewe umeilaza racheti, halafu unaitaka ikafanye kazi."

Aliisafisha kwa mafuta ya taa, akadondoshea matone mawili ya mafuta ya cherehani, akarudisha kifuniko. Kile kichuma kimemeguka upande mmoja, mwingine mzima. Kwa hiyo racheti yangu hadi leo inakaza vizuri na inalegeza kwa kusitasita.

Sasa nirudi kwenye swali lenu, maana najua nimezunguka. Kama ni moja tu, chukueni ya tatu kwa nane ya inchi. Namaanisha kile kichwa cha mraba kinachoingia kwenye soketi, chini kidogo ya milimita 10. Ya robo inchi ni tamu kwa jiko la gesi na cherehani, lakini kwenye gari inachoka mapema. Ya nusu inchi ina nguvu ila ni nene, haipiti penye kona, na bolti ndogo utaikata kabla hujajua umeikaza. Ya tatu kwa nane inazimudu namba 10, 12 na 14, ambazo ndizo zinazojaa kwenye Toyota zetu, na ukiiongezea mkono mrefu na soketi ya plagi namba 16 utatoa plagi za Probox. Nati za magurudumu, namba 21, iachieni wilispana yake.

Meno: yakiwa 72, mkono unahitaji kusogea nyuzi 5 tu ili yang'ate tena, yakiwa 36 ni nyuzi 10, yakiwa 24 ni 15. Nyuma ya injini ambako mkono hauna pa kwenda, nyuzi 5 ni neema. Ila meno mengi maana yake ni meno madogo, na meno madogo ya chuma laini yanalika upesi. Mimi kwa pesa ya kawaida ningechukua 36 yenye kichwa kinene kuliko 72 inayojisifu.

Dukani usitazame mng'ao. Maneno "Chrome Vanadium", yaani aina ya chuma kigumu, yanaweza kugongwa na yeyote mwenye mashine ya kugonga. Shika mpini, zungusha kile cha mraba kwa vidole viwili ukirudisha nyuma: kirudi kwa wepesi. Kikiwa kizito, siku nati imelegea racheti itakwenda na nati na kurudi nayo, utacheza hapo hadi magharibi. Geuza kile kiswichi cha kukaza na kulegeza mara kumi, kisikwame katikati. Tikisa kichwa, kisilie kama kibiriti. Soketi ziwe za pembe 6, zile za 12 zinapenda kula bolti zilizokwisha choka. Na nyuma kuwe na skrubu. Isiyofunguka siitaki, kwa sababu itaingia vumbi tu, sisi wa huku tunalijua vumbi letu.

Nimesoma nilivyoandika mwanzoni kuhusu sanduku la plastiki na sijui nifanye nini nacho. Nimekataza, na racheti ninayoitumia mpaka leo ni ile ile ya kwenye sanduku. Imekaza vitanda vitatu, koki ya tangi, na betri sijui mara ngapi. Basi nunueni, kama ndiyo pesa iliyopo, ila msimalize pesa yote hapo: bakizeni ya ringi mbili, ya 12 kwa 13 na ya 14 kwa 15, hizo zinunueni nzuri, hizo ndizo za ugomvi. Mwenye kuishi kwa spana kila siku asinisikilize, yeye anunue ya maana. Na chuma cha ile yangu kilikuwa laini pia, hilo mzee mwenyewe alilisema, kwa hiyo sijawasafisha wauzaji wote.

Yule mwenye duka wa mjini bado simsalimii. Siyo kwa ajili ya racheti, hiyo nimeshakiri. Siku ile nilipomaliza kusema yangu alinijibu, "Nenda kamwite mumeo nimweleze," na kwa hilo grisi haihusiki.

Shemeji, ukisoma hapa, ndiyo, nilikusingizia. Lakini bomba sijalitupa, liko chini ya kiti. Ni la boneti.

Mama wa Probox,
Kibirizi, Kigoma