Terabaiti 16 kwa elfu tatu na mia tano

SWALI: Fundi, salamu. Mimi napiga video za arusi upande wa wanawake, hasa usiku wa kupamba. Laptopu imejaa, flashi zimejaa. Nimedunduliza elfu kumi na tano. Duka moja la Moi Avenue wananipa hadidiski ya terabaiti 2, na pesa hizo zinakwisha karibu zote. Kijana mmoja anayetembeza pale Mwembe Tayari anayo ya terabaiti 16, elfu tatu na mia tano tu. Nichukue ipi? Ama nitafute SSD?
Mpiga video, Likoni, Mombasa

JIBU: Dadangu, huyo kijana mpite. Hadidiski za mfukoni, zile za inchi 2.5, zinakomea terabaiti 5 au 6, na wanaozitengeneza duniani wamebaki watatu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Za "16" nimeletewa mbili hapa kibandani. Nilipozibandua nilikuta memori kadi ya simu imegandishwa kwa gundi, na kipande cha chuma cha kutia uzito mkononi. Tena hiyo kadi imefunzwa uongo. Kompyuta ikiiuliza nafasi inajibu 16. Ukiweka vitu inapokea. Nafasi ya kweli ikijaa, inaandika juu ya ulivyoweka mwanzo. Majina ya faili utayaona yote, lakini ukifungua arusi ya mwezi jana hupati kitu.

SSD, yaani diski ya chipu tupu, ni nzuri, ina kasi na haina kinachozunguka ndani. Lakini wewe unatafuta ghala, na kwa ghala hadidiski ya kawaida yatosha.

Sasa hiyo ya terabaiti 2. Mimi ningenunua mbili za terabaiti 1, hata kama itabidi udundulize mwezi mmoja zaidi. Piga hesabu: kamera ikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde (biti nane ni baiti moja), saa moja inakula gigabaiti 22 na nusu. Kupamba kwa saa nne ni gigabaiti 90. Kwa hiyo terabaiti 1 itakuchukulia arusi kumi hivi, kila moja ikiwa na nakala kwenye ile ya pili. (Kompyuta itakuonyesha gigabaiti 931 badala ya 1,000. Usirudi dukani kugombana, ni tofauti ya kuhesabu kwa elfu na kuhesabu kwa 1,024.)

Kwa nini nang'ang'ania mbili? Mwaka 2014 nilikuwa na moja tu, ya picha za nyumbani. Ilikuwa mezani yazunguka, waya unaning'inia, mjukuu kapita mbio. Ilianguka kimo cha kiti, basi. Nikaiweka sikioni: tik, tik, tik, kichwa cha kusomea kinatafuta njia hakipati. Picha za marehemu mamangu ziliondoka na sauti hiyo. Fundi mzima, na sikuwa na nakala.

Ukiwa dukani nenda na laptopu yako. Chomeka kwenye tundu la USB 3, aghalabu huwa la buluu. Kwenye la zamani utahamisha arusi moja hadi adhana ya alfajiri. Fungua CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, utazame saa ambazo diski imefanya kazi. Mpya huwa na saa sifuri au chache mno. Ukiona elfu nane, hiyo imetolewa kwenye mashine kuukuu ikavishwa ganda jipya, hata kama boksi lina nailoni. Kisha iformatiwe kwa mfumo wa faili wa exFAT, kwa sababu ule wa zamani, FAT32, haupokei faili inayozidi gigabaiti 4.

Kuna jambo hukuuliza, nami naliona kubwa kuliko bei. Video zako ni za wanawake waliovua mabuibui wakijua wako peke yao. Hadidiski ikisahaulika kwenye matatu, ama ikiharibika ukampa fundi asiye na haya, ni aibu ya nyumba za watu. Zifunge zote mbili kwa nywila. Programu ya VeraCrypt ni ya bure na inatosha. Moja ikae kwako, nyingine kwa mtu unayemwamini ng'ambo ya pili, na usivuke feri na zote mbili kwenye mkoba mmoja. Nywila iandike karatasini uifiche. Ukiipoteza usiniletee, maana hata mimi siwezi kuifungua.