Oili chafu na raba za breki: mleta mada, weka hiyo ndoo chini

Mleta mada, kabla hujatumbukiza chochote, weka hiyo ndoo chini. Umeandika kwamba Land Cruiser Hardtop yako imepaki ikisubiri hela ya injini, umeshakusanya diski, dramu, pedi, viatu vya breki, masta silinda (pampu kuu ya breki), silinda za nyuma na raba za kubadilishia, na fundi kakwambia uviloweke vyote kwenye oili chafu vikae miaka miwili kwenye stoo ya bati hapo Nkuhungu, Dodoma, visishike kutu. Umeuliza na mengine, nitayafikia nikikumbuka.

Huyo fundi anajua chuma, raba haijui. Raba za breki za magari haya kwa kawaida ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani, na EPDM inapatana na mafuta ya breki ya DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, ambayo tunayaita mafuta lakini hayatokani na ukoo wa petroli. Oili ya injini, grisi ya beringi, dizeli, mafuta ya taa, hata ile dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zilizoganda, hizo zote ni ukoo wa petroli. EPDM ikikutana nazo inavimba na kulegea.

Sasa fuatilia kinachotokea ukishafunga. Kikombe cha raba ndani ya masta silinda kikivimba, mdomo wake unaziba kile kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kopo. Unaachia pedeli, presha haishuki. Breki zinabaki zimeshika, ringi zinachemka, gari linavuta kwa shida, na fundi yuleyule atakwambia beringi zimekufa. Utabadilisha beringi, tatizo liko palepale. Dalili iko juu kabisa na ni ya bure: fungua kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. Kile kiraba cha ndani ukikikuta kimekua, kimekunjamana, ukikirudisha hakikai tena kwenye mfereji wake, oili imeshaingia.

Na ikishaingia haikai sehemu moja, inatembea na mafuta mpaka gurudumu la mwisho. Hapo huoshi raba ukaendelea na safari. Inatoka kila raba iliyoguswa: za masta silinda, za silinda za nyuma, siili za kalipa, mipira yote ya kupitisha mafuta ya breki. Paipu za chuma zinasafishwa na kukaushwa. Gari la ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki) ndiyo balaa, maana kile kidude chake kinaingia kwenye mashaka na bei yake unaijua. Yote hayo kwa sababu ya oili ya bure kutoka gereji. Usiniulize nimejuaje. Risiti zipo, mama watoto hajaziona.

Kama una wasiwasi na mafuta yaliyomo kwenye gari sasa hivi, vuta kidogo kwa sirinji udondoshee kwenye glasi ya maji safi. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika na maji. Ukiona utando unaelea juu, hiyo ni oili.

Kwa hiyo gawa mafungu matatu kabla hujafungua kopo lolote: chuma kitupu, chenye raba, chenye pedi. Oili inaruhusiwa kwenye fungu la kwanza tu. Nairudia kwa sababu nakujua utaruka mistari: la kwanza tu.

Fungu la chuma, yaani diski na dramu. Kama bado zimo kwenye nailoni ya kiwandani na haijachanika, ziache. Zilizofunguliwa, osha kwa kisafishio cha breki, kausha, kisha vaa glovu, maana jasho lina chumvi na alama ya kidole itageuka kutu. Paka oili MPYA, safi, kwa kitambaa, tabaka jembamba lisilochuruzika. Oili chafu ina asidi, maji na masizi ya injini, inaweza kula chuma kilekile unachokilinda. Hiyo kapake nguzo za uzio, mchwa wanaiheshimu. Funga kwa karatasi ya kuzuia kutu au ya nta. Gazeti hapana, linanyonya unyevu. Siku ya kufunga osha tena pande zote, na upande unaokaa kwenye habu uwe safi kabisa: kutu hapo inalaza diski upande na steringi itatetemeka. Kutu nyepesi kwenye uso wa breki isikutishe, inaondoka ukikanyaga breki mara chache.

Fungu la raba: masta silinda na silinda ziache na vizibo vyake, usifungue kuchungulia, vumbi letu halina huruma. Ukilazimika kulainisha ndani, tumia mafuta mapya ya breki au grisi maalumu ya raba za breki. Raba za kubadilishia na mafuta ya breki ungenunua mwisho, wiki ya kufunga. Raba inazeeka, na chini ya bati mwezi Oktoba ni tanuri. Chupa ya DOT 3 ikishafunguliwa inanyonya unyevu. Mpya inatakiwa ichemke si chini ya 205°C, ikishalowa kiwango hicho kinashuka hadi 140°C.

Pedi na viatu vya breki: vikavu, boksi lake, mbali na oili. Ule uso una vinyweleo, ukinywa oili hauitapiki yote hata uoshe vipi. Joto la breki linaitoa tena na gari linavuta upande mmoja. Tupa.

Na usinambie Dodoma ni kukavu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili bati linatoa jasho usiku na sakafu ya saruji inapitisha unyevu. Weka kwenye rafu ya mbao, usifunge kitu kwenye nailoni siku ya mvua, maana unafungia maji humo ndani.

Habari ya kupandisha gari kwenye mawe na duka lipi lina bei nzuri, wengine watakujibu. Ila kama kuna raba umeshazitumbukiza, zitupe, na usijaribu kuziokoa kwa kuziosha na petroli. Ukoo ni uleule.