Klachi mpya inateleza: je, niweke ya seramiki?

SWALI: Nina Subaru Impreza WRX ya gia tano, klachi ina miezi minne. Juzi niliondoka kwa arpiemu (mizunguko ya injini kwa dakika) 5,000 mara sita mfululizo. Sasa nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, mshale wa arpiemu unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Fundi anataka kunifungia ya seramiki. Nikubali?

JIBU: Klachi pleti (sahani inayounganisha injini na giaboksi) imeungua, na kurekebisha pedali hakutaifufua. Shusha giaboksi uone flaiwili, gurudumu zito la injini ambalo pleti hubanwa juu yake. Ikiwa na nyufa, nunua nyingine. Ikiwa na madoa ya bluu au mikwaruzo tu, ichongwe. Kagua pia sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), maana oili kidogo tu huharibu pleti mpya.

Kuhusu seramiki, hapo ndipo watu hudanganywa. Kwanza elewa joto linatoka wapi. Klachi ya gari lenye kilo 1,450, ikiachwa iteleze kwa arpiemu 5,000 mpaka ishike kabisa kwenye takriban kilomita 42 kwa saa, humeza karibu kilojuli 100: joto la kutosha kuchemsha kikombe kikubwa cha maji, ndani ya sekunde chache. Kwa arpiemu 2,500 joto hilo hushuka hadi robo, si nusu. Magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu huponea kwenye tairi kuteleza. Lako linasukumwa na yote manne, hivyo kinachoteleza ni klachi peke yake. Nayo imefungiwa ndani ya kasha, haipati upepo kama breki. Kuondoka mara sita bila kupumzika ni kuipika.

Seramiki huvumilia joto hilo, kweli, ila hushika kwa ghafla. Kishindo ambacho zamani kiliishia kwenye pleti sasa kinakwenda kwenye meno ya gia, shafti na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na giaboksi hiyo ya gia tano haisifiki kwa uimara. Utakuwa umeokoa pleti ukavunja giaboksi. Funga ya kawaida yenye presha pleti (sahani ya springi inayobana klachi pleti) ngumu kiasi, izoeshe kwa kilomita 800 za mjini, kisha ondoka kwa arpiemu 3,000 na uiachie pedali kwa kipimo. Harufu ya kuungua ikitoka, siku hiyo usirudie.

Na wale wanaoweka washa (kipete cha chuma) nyuma ya uma wa klachi, yaani wenzo unaoiachilia, au kubandika upya lining (tabaka la pleti linaloshika) kwa gundi na riveti za mtaani, uwakimbie. Washa haiongezi nguvu ya springi hata chembe. Lining ya kubandika ikikatika injini ikiwa kwenye arpiemu 6,000, vipande vyake vinaweza kupasua kasha la giaboksi, na kasha hilo liko karibu sana na miguu yako.