Usasaleo kwenye filamu na video za muziki: si kila kuiga ni usasaleo

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama kila video inayoiga filamu ya zamani inahesabika kuwa ya usasaleo (postmodernism, yaani sanaa inayochezea kazi na mitindo iliyotangulia), na kama kuna mfano wa huku kwetu unaoweza kuuingiza kwenye kazi yako ya chuo ili isijae Wamarekani watupu. Nakujibu kama mtu anayehariri video za wasanii kila siku, na aliyekulia kwenye vibanda umiza, yale mabanda ya kuonyeshea video, vya Mbeya.

La kwanza, hapana. Wasanii huniletea simu, wananifungulia video ya nje na kusema, "Nataka rangi kama hizi, na nikitokea hapa iwe hivihivi." Msanii wa namna hiyo anaombea mashabiki wake wawe hawajaiona ile ya awali. Huko ni kunakili. Kazi ya usasaleo inaombea kinyume chake: inataka uwe umeiona, na uikumbuke wakati unatazama hii mpya, kwa sababu maana yake inazaliwa pale picha mbili zinapokutana kichwani mwako. Nikipewa video niipime, hapo ndipo ninapoanzia.

Chukua "Material Girl" ya Madonna, ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Mary Lambert. Gauni la pinki, glavu ndefu, ngazi, wanaume wenye suti nyeusi wanaomzunguka: vyote vimetoka kwenye onyesho la Marilyn Monroe katika filamu ya Gentlemen Prefer Blondes ya mwaka 1953. Hakuna kilichofichwa. Wengi wanaoiandikia video hii huishia hapo, na ndipo wanapokosa utamu wenyewe, ambao uko kwenye hadithi iliyolizunguka onyesho.

Video inaanzia kwenye chumba cha kutazamia filamu studioni. Wanaume wawili wanaangalia vipande vilivyokwisha kupigwa, na mmoja wao, tajiri anayeigizwa na Keith Carradine, amempenda mwigizaji wanayemwona. Wimbo unasema mwanamke huyu anamtaka mwenye pesa. Hadithi inaonyesha kwamba zawadi za gharama hazimgusi, kwa hiyo tajiri yule anajifanya kapuku: anampelekea maua ya kawaida, na anatoa pesa kumlipa mtu ili aazime pikapu chakavu ya kumtoa nayo. Sasa jiulize ni nani anayesema kweli pale. Mpenda pesa wa kwenye wimbo ni uigizaji. Fukara mwenye maua ni uigizaji. Na Madonna anaigiza mwigizaji anayemwigiza Monroe, ambaye naye mwaka 1953 alikuwa anaigiza mwanamke mpenda almasi. Ukifunua pazia moja unakuta jingine, na video haikupi uso wa mwisho. Mhakiki E. Ann Kaplan aliichambua video hii katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu MTV, televisheni ya video za muziki. Ukikipata maktaba, kisome.

Mfano wa pili ni "Buddy Holly" ya Weezer, ya mwaka 1994, iliyoongozwa na Spike Jonze. Bendi imepachikwa ndani ya Happy Days, tamthilia ya televisheni iliyorushwa Marekani kati ya mwaka 1974 na 1984, na uhariri umefanywa kwa ustadi hadi unaamini kwamba Fonzie, mhusika wa tamthilia hiyo, anaucheza wimbo wao. Hesabu tabaka zake: wimbo wa miaka ya 90, ndani ya tamthilia ya miaka ya 70, inayoigiza miaka ya 50, na jina ni la mwanamuziki aliyefariki mwaka 1959. Miaka ya 50 yenyewe haimo. Kilichomo ni picha ya picha yake. Hapa ndipo Fredric Jameson, mhakiki wa Kimarekani aliyeandika sana kuhusu usasaleo, anapokufaa. Katika makala yake ya mwaka 1984 alilalamika kwamba sanaa ya zama hizi huvaa mitindo ya zamani bila kuidhihaki na bila kuitumia kusema lolote kuhusu historia. Kwa Weezer naona yuko sahihi. Kwa Madonna naona angekuwa mkali kupita kiasi, maana kule kuazima kunabishana na wimbo wenyewe.

Sasa huku kwetu. Waliokaa kwenye mabenchi ya vibanda umiza wanazikumbuka sauti za watafsiri waliosimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akina Lufufu kwa Dar es Salaam, na DJ Afro kwa upande wa Kenya. Mkanda ni wa Kichina, mzee mwenye ndevu anaingia, na mtafsiri anambatiza jina la Kiswahili hapohapo. Anatuambia ndiye aliyemuua baba yake steringi, yaani shujaa wa filamu, ingawa filamu yenyewe bado haijafika huko, kisha anatutuliza kwamba steringi hafi. Kibanda kizima kinashangilia. Tulikuwa tunatazama filamu mbili kwa pamoja, ya kwenye skrini na ya kwenye sauti, na hakuna aliyesahau kwamba hii ni filamu.

Je, huo ni usasaleo? Kwa umbo, unakaribiana nao sana. Kwa chanzo, mimi nakataa. Mtafsiri alikuja kwa sababu watu walikuwa hawaelewi lugha ya mkanda. Ukimbandika Lufufu nadharia ya Jameson bila kulisema hilo, utakuwa umemnyang'anya kazi yake halisi.

Mfano wako mzuri uko Kampala. Mwongozaji Nabwana I.G.G. wa mtaa wa Wakaliga alitengeneza filamu ya Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, kwa pesa kidogo mno. Wahusika wanaongea Kiluganda, na juu yao kuna VJ Emmie (VJ ndiye mtafsiri wa filamu kwa huko Uganda), akiongea Kiingereza. Toleo lisilo na sauti yake halipo tena. Hapa sauti ya kibanda imekuwa sehemu ya filamu yenyewe: inashangilia mapigano, inawatania wahusika, na inakutangazia filamu ileile unayoitazama. Kile kilichoanza kama msaada wa lugha kimegeuka mtindo, na unaeleweka zaidi kwa mtu aliyekwisha kukaa kibandani.

Itazame mara mbili. Mara ya kwanza ifuate hadithi. Mara ya pili shika kalamu, andika dakika na maneno kila VJ anapokukumbusha kwamba unatazama filamu. Orodha hiyo weka mbele ya uchambuzi wako, kabla hujamtaja Jameson.