Nasaba ya Tatu ilianza na Djoser, si Nebka

Je, Nasaba ya Tatu ya wafalme wa Misri ya kale ilianzishwa na mfalme Nebka? Hapana, aliyeianzisha ni mfalme Djoser. Ushahidi mzito uko Abydos, mji wa kale wa Misri, kwenye kaburi la Khasekhemwy, mfalme wa mwisho wa Nasaba ya Pili. Wanaakiolojia wa Kijerumani walikuta hapo vipande vya udongo vyenye mhuri wa Netjerikhet, jina ambalo Djoser alilitumia enzi zake. Na kwa desturi ya Wamisri wa kale, anayemzika mfalme ndiye anayerithi kiti. Ni kweli Nebka anamtangulia Djoser kwenye mafunjo ya Turin, yaani orodha ya kale ya wafalme wa Misri, lakini orodha hiyo iliandikwa zama za wafalme akina Ramesses, zaidi ya miaka 1,000 baadaye. Mimi naamini mhuri wa mazishini.

Ila nasaba mpya hapa haimaanishi ukoo mpya. Malkia Nimaathap anaitwa mama wa watoto wa mfalme kwenye mhuri wa kaburi hilohilo, kisha chini ya Djoser anaitwa mama wa mfalme, kwa hiyo wengi wanaona Djoser ni mwana wa Khasekhemwy. Mpaka kati ya nasaba hizo aliuweka Manetho, kuhani wa Misri aliyeandika historia ya wafalme wake, karne ya 3 kabla ya Kristo.